Kidole cha Mutombo

Amelala chali chini ya ringi. Mpira ameushika kwa mikono miwili juu ya uso wake, kama mtu aliyeokota mtoto kisimani, na mdomo umeachama usijue ni kicheko au kilio. Viatu vyake vikubwa vimeelekea juu, na wenzake wanakimbia huku na huko nyuma yake hawajui wamkumbatie nani.

Picha hiyo ni ya Seattle, tarehe 7 Mei 1994. Jioni ya Septemba 30 mwaka 2024, zilipotufikia habari kwamba mchezaji wa kikapu Dikembe Mutombo amefariki dunia kwa saratani ya ubongo akiwa na miaka 58, iliingia kwenye simu yangu mara nne ndani ya saa moja. Ilitoka kwa watu wanne tofauti, na hakuna aliyeongeza neno. Tulikuwa tunajua tangu Oktoba 2022 kwamba anatibiwa uvimbe kichwani, na bado hata jambo unalolitarajia haliachi kukushtua.

Mtu asiyeujua mpira wa kikapu akiitazama picha ile atadhani huyo ndiye aliyefunga goli la ushindi. Hakufunga. Denver Nuggets walishinda 98-94 katika muda wa nyongeza, na alichofanya Mutombo katika sekunde zile za mwisho ni kudaka mpira ambao mpinzani ameutupa akakosa. Basi. Akaukumbatia, akaanguka nao, saa ikaisha. Sijui mchezo mwingine ambao picha yake ya furaha kuliko zote ni ya mtu aliyezuia.

Ukubwa wa siku hiyo unahitaji maelezo kidogo. Seattle SuperSonics walikuwa wameshinda mechi 63 msimu ule, wa kwanza katika ligi nzima ya NBA, wakiwa na Gary Payton na Shawn Kemp. Denver walishinda 42 na kuingia hatua ya mtoano kwa mlango wa nyuma, nafasi ya nane upande wa Magharibi. Katika mechi tano mshindi alikuwa wa kufikisha tatu. Seattle wakachukua mbili za mwanzo nyumbani kwao, kwa urahisi wa kutia aibu. Halafu Denver wakashinda tatu mfululizo. Haikuwahi kutokea timu ya nane kuitoa ya kwanza. Katika mechi hizo tano Mutombo alipiga bloku 31, yaani mitupo aliyoizuia, zaidi ya sita kila mechi. Raundi iliyofuata Utah waliwatoa, lakini hiyo haikumbukwi na mtu nje ya Utah.

Sisi huku hatukuona kitu. Wiki ile redio zetu zilikuwa na habari nyingine: siku chache nyuma watu karibu robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya siku moja, wakikimbia mauaji ya Rwanda, na siku tatu baada ya mechi Mandela akaapishwa Pretoria. Televisheni Tanzania Bara ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kujikongoja. Nani angetuambia kwamba kijana wa Kinshasa amelala sakafuni huko Seattle na mpira mikononi? Mimi niliiona mechi ile mwaka mmoja na zaidi baadaye, kwenye kanda ya video iliyokwisha kupita mikono mingi hadi picha zikawa zinatiririka kama mvua. Mwenye kanda alikuwa na masharti: usirudishe nyuma mara nyingi, utaikata. Tulirudisha nyuma. Ilikatika, ikaungwa kwa selotepu, na pale penye kiungo, kila tulipoitazama, Mutombo aliruka mara mbili.

*

Walio karibu na mchezo huu Dar es Salaam wanapafahamu Don Bosco, Upanga. Jioni kuna ukuta ambao wazee wa mchezo hukaa, na kwa wazee nina maana ya watu wa miaka arobaini na ushee ambao magoti yamekwisha kustaafu. Jumamosi iliyofuata msiba hapakuwa na ajenda nyingine ukutani. Na kama ilivyo desturi ya misiba yetu, baada ya dakika kumi za huzuni ukaanza ubishi.

"Kaka, tuseme ukweli. Mtu wa pointi tisa kwa mechi ni lejendi wa nini?"

Aliyesema hayo hakukosea hesabu. Wastani wa Mutombo katika misimu 18 ni pointi 9.8. Mkono wake wa kutupia ulikuwa mzito. Alikuwa na ndoano moja ya mkono wa kulia iliyotoka kana kwamba anarusha ndoo ya maji juu ya ukuta wa jirani. Akiwa na mpira mbali na ringi, hata shabiki wake aliomba autoe haraka. Na viwiko vyake! Wachezaji wenzake mazoezini walivijua viwiko vile kama wapinzani walivyovijua, na kuna meno ya watu kadhaa waliojuta kusimama nyuma yake wakati anageuka.

Lakini mwaka wake wa kwanza, 1991 hadi 1992, alifunga wastani wa 16.6 na ribaundi 12.3, akaitwa kwenye mechi ya nyota akiwa mgeni. Kwa hiyo kufunga aliweza, kwa kiasi. Alichokifanya baadaye ni kuchagua. Na hapo ndipo mzee mmoja pale ukutani, tunayemwita Mwalimu kwa sababu amefundisha nusu ya vijana waliopita uwanja ule, akatoa kauli iliyonyamazisha ubishi kwa muda: "Nyie mnahesabu alizofunga. Hesabuni ambazo watu hawakuthubutu kuzitupa."

Haziwezi kuhesabika. Ligi ya NBA ilianza kuweka kumbukumbu rasmi za bloku msimu wa 1973 hadi 1974, ndiyo maana Bill Russell na Wilt Chamberlain, mabingwa wa kazi hiyo, hawana hata moja vitabuni. Tangu hapo Mutombo ana 3,289, na aliye juu yake ni mmoja tu, Hakeem Olajuwon wa Nigeria, mwenye 3,830. Waafrika wawili wanaongoza orodha ya kuzuia katika ligi ya Marekani. Lakini bloku ni zile za watu waliojaribu. Aliyefika akaona ule mwembe umesimama, akasita, akageuza mpira na kumpa mwenzake pembeni, huyo hayumo kwenye karatasi yoyote. Mwalimu anaamini hao ni wengi mara tano. Hana ushahidi, na mimi namwamini.

Bloku yenyewe ni kazi ya kuchelewa. Mshambuliaji anaanza, wewe unafuata. Ukiwahi, anakuchomoa kwa pampu, mtupo wa uongo, na unaruka hewani peke yako kama panzi. Ukichelewa zaidi ya inavyotakiwa, mpira umeshafika kilele, na ukiugusa unaposhuka kuelekea ringi refa anawapa goli lao. Kati ya kuwahi na kuchelewa kuna upenyo mdogo sana, na Mutombo, mita 2.18, aliishi ndani ya upenyo huo. Kwenye ile kanda yetu kulikuwa na bloku moja tuliyoitazama hadi ikafutika. Kemp anapita kulia, yule mwamba wa kuruka. Mutombo hajakimbia. Anapiga hatua moja ya pembeni, mkono wa kushoto unabaki chini kama vile hauna habari, na wa kulia unapanda pale tu mpira unapoachana na vidole vya mwenzake. Hakuna kishindo. Mpira unarudi ulikotoka. Baadaye kidogo ndiyo unaona kidole chake kikitikiswa.

*

Hakupanga kuwa mchezaji. Alizaliwa Kinshasa tarehe 25 Juni 1966, mwaka uleule mji ulipoacha kuitwa Léopoldville. Familia ni ya Waluba, baba mtu wa shule. Mpira aliokuwa akiupenda kwanza ni wa miguu. Kikapu alisukumiwa na baba na kaka yake kwa sababu ya urefu, na siku ya kwanza uwanjani alianguka akapasuka kidevu. Mwaka 1987 alikwenda Chuo Kikuu cha Georgetown, Washington, kwa msaada wa masomo wa serikali ya Marekani, akiwa na nia ya kuwa daktari. Kocha John Thompson alimwona. Ukiwa katika chuo chenye kocha kama Thompson na una urefu ule, kuonekana ni suala la muda tu.

Udaktari ulishindwa na ratiba ya mazoezi. Akageukia isimu na diplomasia, akahitimu mwaka 1991. Lugha anazotajwa kuzijua ni tisa, Kiswahili kikiwamo. Alifanya mafunzo ya kazi katika ofisi ya mbunge mjini Washington na Benki ya Dunia, na naomba msomaji asimame hapo kidogo awaze: mtu wa mita 2.18 anabeba mafaili kwenye korido za Benki ya Dunia, kisha jioni anakwenda uwanjani kuwatupia watu mipira jukwaani. Katika mechi moja ya mwaka 1989, dhidi ya St. John's, alipiga bloku 12. Wanafunzi walijipa eneo lao la kukaa, wakaliita Safu ya Kukataliwa. Nadhani huo ndio mwanzo wa uhusiano wake na jukwaa, na tusipouelewa huo hatutaelewa kidole.

Maana bloku zipo za aina mbili. Russell alikuwa akiuchota mpira taratibu ili wenzake wauokote na kukimbia; bloku yake ilikuwa pia pasi. Makocha wanaipenda hiyo. Mutombo aliiweza, lakini mara nyingi moyo wake ulikuwa upande wa pili: aliupiga mpira ukaenda safu ya nne, ukamwagia mtu soda. Kitaalamu ni upotevu, kwa sababu mpira unarudi kwa mpinzani. Kwa shabiki ni sikukuu. Mimi nimelelewa na makocha, najua ninachopaswa kusema, lakini moyoni niko safu ya nne na soda yangu.

Denver walimchukua wa nne katika uteuzi wa wachezaji wapya wa 1991. Baada ya hapo Atlanta, Philadelphia, New Jersey, New York, Houston. Mara nne alichaguliwa mlinzi bora wa ligi: 1995, 1997, 1998 na 2001. Mara nane mechi ya nyota. Taji hakupata.

Alidhalilishwa pia, na shabiki wa kweli huyakumbuka hayo kwa utamu uleule. Novemba 1991, Denver, Michael Jordan alisimama kwenye mstari wa mtupo huru, akamwambia yule mgeni kwamba huu ni wako, akafumba macho, akatupa. Ukaingia. Miaka sita baadaye, katika mtoano wa 1997, Jordan akamdankia mbele ya uso kisha akamtikisia kidole, ishara ya Mutombo mwenyewe. Na fainali ya 2001! Philadelphia ya Allen Iverson ilishinda mechi ya kwanza ugenini Los Angeles, 107-101 muda wa nyongeza, na Iverson ndiye anayekumbukwa. Kinachosahaulika ni kwamba usiku ule Shaquille O'Neal alifunga pointi 44 mbele ya mlinzi bora wa mwaka. Lakers wakashinda nne zilizofuata. Shaq alikuwa anarudi nyuma na makalio yake kama lori linaloingia gereji, na Mutombo, akikaribia miaka 35, alikuwa ndiye mlango. Hakuna mechi katika hizo tano ambayo alikimbia kazi. Alisukumwa, akarudi, akasukumwa tena. Pale ukutani huwa tunabishana kama yale ni mafanikio au ni kushindwa, na hatujawahi kumaliza.

Aliachana na mchezo Aprili 2009, Portland, akiwa na miaka 42, goti likiwa limekwisha baada ya kugongana na mtu ambaye angeweza kuwa mwanawe. Miezi miwili baadaye Memphis wakamchagua wa pili kwenye uteuzi Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, mita 2.21, Mtanzania wa kwanza katika ligi ile. Sisi tuliliona hilo kama urithi umepitishwa mkono kwa mkono. Haikwenda hivyo, ligi ile haina huruma na matumaini ya watu, lakini kwa ile miezi ya kiangazi cha 2009 kila kijana mrefu wa mitaa yetu, yule ambaye mama yake anashona upya suruali kila muhula, alitembea kifua mbele.

*

Habari za hospitali ya Mutombo zimeandikwa sana, nami sitazirefusha. Mama yake, Biamba Marie, alifariki nyumbani Kinshasa wakati barabara zimefungwa kwa amri ya kutotoka nje, na hospitali haikufikika. Mwanawe akajenga hospitali ya vitanda 300 huko Masina, moja ya sehemu zenye msongamano wa watu jijini, akatoa mfukoni mwake zaidi ya dola milioni 15. Ilizinduliwa mwaka 2006 kwa jina la mama. Ninachotaka kuongeza ni kidogo tu: kabla ya hapo, mwaka 1996, timu ya taifa ya wanawake ya Zaire ilipofuzu michezo ya Olimpiki ya Atlanta, ni yeye aliyewalipia sare na gharama. Hiyo hospitali ina picha za marais na hotuba. Zile jezi za akina dada hazina picha nyingi, na mtu aliyewahi kusafiri na timu ya taifa katika nchi zetu anajua zina uzito gani. Sare za kuazima, namba zilizobandikwa kwa plasta, posho inayofika mashindano yakiwa yamekwisha: sisi tumeyaishi hayo. Kuna mtu ameshika simu akasema nitalipa mimi.

Waliomfuata wapo, na safari hii wanatoka upande ambao Kiswahili ndicho cha sokoni. Bismack Biyombo ni mtoto wa Lubumbashi. Mwaka 2016, akiwa na Toronto katika fainali ya Mashariki, alidaka ribaundi 26 kwenye mechi moja dhidi ya Cleveland, na katika mtoano ule kila akipiga bloku kidole kilipanda. Hakuna aliyehitaji kuuliza kakitoa wapi. Jonathan Kuminga alizaliwa Goma mwaka 2002, na mwaka 2022 alikuwa na Golden State walipotwaa ubingwa. Ligi ya Afrika, BAL, ilianza Kigali mwaka 2021, na Mutombo alikuwa mmoja wa waliotia fedha zao katika kampuni ya NBA barani. Siku ya msiba wake Masai Ujiri aliyelelewa Nigeria, wakati huo rais wa Toronto Raptors, alikatiza kikao na waandishi wa habari akalia. Ilikuwa siku ya timu kukutana na waandishi kabla ya msimu, kamera zote zikiwa wazi.

Sasa turudi kwenye kidole, maana hapo ndipo penye jambo. Alianza kukitikisa Denver, cha shahada, kushoto kulia kushoto, usoni kwa mtu aliyekataliwa: hapana, hapana, si kwangu. Ligi ikaona ni kejeli. Wakaanza kumpigia faulo za utovu wa nidhamu na faini juu yake. Angeweza kuacha. Alichofanya ni kugeuka. Akipiga bloku anampa mgongo mpinzani, anatazama jukwaani, na kuwatikisia watazamaji. Kanuni ilimkataza kumdhihaki mchezaji. Haikumkataza kuwasalimu watu. Na watu wakamjibu. Uwanja mzima, maelfu ya vidole, wazee kwa watoto. Wakubwa wa ligi walitaka kukizima na badala yake wakakigawa.

Jumamosi ile pale Don Bosco, jua likiwa limeshuka nyuma ya miti, vijana walikuwa wanacheza watano kwa watano. Kulikuwa na mmoja mrefu, miaka kumi na sita hivi, mikono inaning'inia kama haijui imfanyie nini mwenyewe. Robo ya kwanza yote alikuwa anachekwa: pasi inamponyoka, akidribo mpira unamgonga kiatu. Kisha kijana mfupi mwenye mbwembwe akapenya katikati, akawachenga wawili, akainuka. Mrefu akapiga hatua moja ya pembeni. Mpira ukaruka hadi getini.

Akamwinamia yule mfupi, akamtikisia kidole puani. Refa, kijana wa kujitolea mwenye filimbi ya plastiki, akapuliza faulo. Kukawa na kelele. Mwalimu akasimama ukutani, akamwita kwa sauti:

"Dogo! Siyo huko. Geukia huku."

Kijana akatutazama hajaelewa. Mchezo ukaendelea. Dakika chache baadaye yule mfupi, kwa kiburi cha ujana, akarudi njia ileile, na mkono ukapanda tena, sauti ya kiganja na mpira ikasikika mpaka barabarani. Safari hii mrefu hakumtazama. Akageuka, akatuelekea sisi tuliokaa ukutani, akainua kidole kwa mashaka, kana kwamba anaomba ruhusa. Tukavirudisha vyetu, vyote.

Refa akaiweka filimbi mdomoni, akaitoa, akaenda getini kuufuata mpira.